Mlalamikaji wa Chumba cha Mbele

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza alfajiri, na mimi nimeanza daftari hili. Daktari wa moyo aliniambia mvua hizi nitaziona zikianza. Za kumalizika hakuzitaja, na mimi sikumbana. Mtu aliyezeekea kwenye kazi ya kuandika sheria huitambua sentensi iliyoachwa wazi makusudi.

Sikusudii kumuaga mtu humu. Nataka kuandika yanayopita wakati mkono ungali unanitii, na kama kuna la kuungama, litajileta lenyewe.

Nimehamishiwa chumba cha mbele. Kitanda kimesogezwa hadi dirishani, naiona baraza yote bila kuinua kichwa. Nyumba hii aliijenga marehemu mume wangu, mwalimu. Sasa ni ya mwanangu mkubwa, anayeuza vipuri vya magari. Nilimwandikishia mwenyewe nilipoona miguu yangu inaanza kunikana. Kwa hiyo kisheria mimi ni mgeni. Nikisema hivyo mkwe wangu, mkewe, hununa. "Mama, mgeni gani anayepeleleza chumvi kwenye mboga?"

Alhamisi, 6 Machi

Uji mzito mno. Nimelalamika. Mvua.

Jumapili, 9 Machi

Nyuma ya nyumba kuna vyumba vya kupangisha. Kimoja anakaa fundi cherehani, mama kijana ambaye mumewe yuko mbali kikazi. Kukinyesha huileta cherehani yake barazani, chini ya dirisha langu, na mlio wake umekuwa saa yangu. Ukinyamaza najua amekata uzi au mtoto amepotea.

Mtoto huyo ana mwaka na kitu, hatembei bado. Hutambaa chumba hadi chumba, hufunua sufuria, huchungulia ndani, hufunika, huendelea na safari bila maoni. Nilimwita Mkaguzi na jina limemganda. Hata mamake hulitumia. Wao huniita Bibi Kifungu, kwa sababu zamani nilikuwa siwezi kumwambia mtu afunge mlango bila kumtajia kifungu. Tumeshalipana.

Mkaguzi huanzia kwangu kila asubuhi. Hujivuta mpaka dirishani, husimama kwa kushikilia kizingiti, hutazama mvua, kisha huinamisha kichwa na kutafuna mbao. Anaota meno. Mimi humsemesha habari za madiwani wa zamani naye hunisikiliza kuliko walivyowahi kunisikiliza wao.

Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa na siku nzuri hivi, nyingi, zinazofuatana.

Ijumaa, 14 Machi

Mbao za dirisha zimevimba kwa mvua. Mkwe alilifungua kwa bega. Lilipoachia, magamba ya rangi yalimwagika kwenye shuka langu kama makombo ya biskuti. Akayakung'utia sakafuni.

Jumamosi, 15 Machi

Leo Mkaguzi alikuwa na masharubu ya buluu.

Mamake alimfuta kwa upindo wa gauni, akicheka. "Bibi, huyu analipenda dirisha lako kuliko uji wangu."

"Lina utamu," nikamwambia.

Nililisema kabla sijalifikiria. Yeye akarudi kwenye cherehani, mimi nikabaki nimelala na neno langu mwenyewe kifuani. Maana najua kwa nini lina utamu. Kuna watu wachache katika mji huu wanaolijua jambo hilo kuliko mimi.

Rangi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, ili zing'ae na zivumilie mvua. Madini hayo ndiyo yanayoipa rangi ule utamu. Mtoto akiyala, au akipumua vumbi lake, au akilamba vidole baada ya kutambaa sakafuni, yanaingia kwenye damu na kutoka damuni yanapanda kichwani. Hana homa, hatapiki. Anakua tu akiwa mzito kidogo wa kusoma, mwepesi kidogo wa hasira, hatulii na kitabu. Watu wanasema ndivyo alivyo.

Mimi ndiye niliyeandika Sheria Ndogo za Rangi za Nyumba za halmashauri yetu. Nilitumia miezi mingi kuziandika. Zinasema bwana afya anaweza kuingia katika nyumba na kuipima rangi katika hali mbili tu: mtoto akigundulika kuwa na risasi katika damu, au mtu anayelala humo akilalamika. Nje ya hapo, apite zake.

Siviungami vifungu vile. Tulikuwa na wakaguzi wawili na baiskeli moja, na madiwani wengi walikuwa na nyumba za kupangisha. Kupata hata hicho ilikuwa kama kung'oa jino la mtu aliye macho. Lakini leo, nikimtazama mtoto huyu akitafuna, nimeona jinsi sheria yangu inavyofanya kazi ukiwa umelala chini yake. Inasubiri damu yake itoe ripoti. Nilipompa jina la Mkaguzi nilidhani natania.

Jumapili, 16 Machi

Nimeongea na mwanangu. Alikuja baada ya kufunga duka, suruali imelowa hadi magotini, akakaa ukingoni mwa kitanda. Nikamweleza. Akalitazama dirisha kwa muda.

"Mama, hii ni rangi ya baba."

"Ndiyo. Na ina sumu."

"Alikuwa anaichanganya mwenyewe. Mimi ndiye nilikuwa nashika kopo." Akapitisha kiganja kwenye fremu. "Chumba hiki nimelala utoto wangu wote. Nimepatwa na nini?"

Nilimtazama. Kuna jibu lilinijia, nikalimeza. Nitaliandika siku nyingine, nikiweza.

"Usijali," akasema. "Mvua ikiisha nitalikwangua kama kila mwaka. Nitapiga msasa vizuri kabisa, halafu koti jipya."

Hilo ndilo baya kuliko yote. Kila mwaka, mvua zikiisha, baba yake, na sasa yeye, hulikwangua dirisha kavu kwa msasa mpaka sakafu inakuwa buluu, wanafagia, wanapaka juu yake. Ni fahari ya nyumba. Majirani hutuelekezea wageni kwa madirisha. Nikamwambia asithubutu kulikwangua kavu. Akanipangusa paji la uso kama mtu anayempima mwenzake homa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwita fundi cherehani, nimemwambia yote niliyomwambia mwanangu, na zaidi. Akamnyakua mtoto, akamwosha mikono mpaka akalia. Kisha nikamwambia alalamike.

"Nilalamike kwa nani, Bibi? Kwa mwenye nyumba kuhusu mwenye nyumba?"

"Kwa halmashauri."

"Halafu nihamie kwenye hiyo halmashauri?"

 Akaniambia kule alikopanga mwanzo alilalamikia paa linalovuja. Paa lilizibwa, na yeye akatolewa. "Aliyekuja baada yangu amekaa pakavu," akasema. Alilisema bila uchungu, huku akitunga sindano.

Kulikuwa na kifungu cha kumkinga mtu kama yeye. Kwenye rasimu ya kwanza nilikiandika vizuri tu: mpangaji asitolewe kwa sababu ya ukaguzi. Madiwani walikifuta kabla ya chai.

Jumatano, 19 Machi

Mkaguzi ametiwa kwenye beseni kubwa barazani, na vijiko vya kuchezea. Ametoka. Ametiwa tena. Ametoka na kijiko.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimefanya jambo. Mkwe alipokwenda sokoni nilichukua simu yangu ndogo, ninayoitumia kusikilizia redio tu, nikaipigia idara ya afya. Aliyepokea, nikimpima kwa sauti, ni karani kijana.

"Nikusaidie nini, mama?"

"Nalalamikia rangi ya nyumba."

"Rangi imefanyaje?"

"Inabanduka, na kuna mtoto anaila."

"Sawa. Jina lako?"

"Sheria hainidai jina."

"Nani kakuambia?"

"Kifungu cha tisa."

Nikasikia karatasi zikifunuliwa, bila haraka. "Enhe. Kweli. Lakini lazima uwe unalala humo."

"Nalala humo usiku na mchana. Siku hizi sina kazi nyingine."

"Na mwenye nyumba akijua? Mama, nakwambia kwa wema, wengine huwafukuza watu."

"Mwanangu, anayekuja kunifukuza mimi yuko njiani, na wala si mwenye nyumba."

Akacheka, kisha akajuta kucheka, akaniuliza anwani.

Nimemshtaki mwanangu niliyemzaa. Nimekunywa chai yangu yote, na mkwe amefurahi kuona kikombe kitupu.

Alhamisi, 27 Machi

Hakuna aliyekuja. Mvua.

Jumatatu, 31 Machi

Hakuna aliyekuja. Paka amelala miguuni kwangu, mzito kuliko umri wake. Nimetapika kidogo. Fundi cherehani ameniletea foronya mpya aliyoishona kwa mabaki ya vitambaa, haina vipande viwili vinavyofanana.

Alhamisi, 3 Aprili

Amekuja. Bwana afya ni mtu wa makamo, mrefu, aliyeinama mlangoni kana kwamba milango yote ni ya wengine. Mwanangu alikuwepo, amerudi kuchukua funguo. Mkwe anasema mumewe alipoona kitambulisho alisimama kama aliyeambiwa ana deni la babu yake.

"Kuna lalamiko," bwana afya akasema.

"La nani?"

"Sijui, mzee. Na ningejua nisingeruhusiwa kusema."

Akaingia kwangu. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, karibu."

Alikuwa na kimashine kama kile cha kukaushia nywele. Alikigusisha kwenye fremu, akakisoma. Kwenye kizingiti, akakisoma tena, akabana midomo. Alipima milango na madirisha yote, akafuta sakafu kwa vitambaa, kila kimoja akakitia katika kifuko chake cha nailoni. Kisha akaandika amri palepale: rangi yote iondolewe ikiwa imelowa maji, isipigwe msasa mkavu, watu wasiwepo chumbani kazi ikifanyika, na mtoto apimwe damu. Amri ile iliandikwa vizuri. Nilitambua maneno yangu mengi ndani yake, yakiwa yamekomaa.

Mwanangu aliitia kwenye mfuko wa shati bila kuisoma. Yeye huwa hasomi mbele ya watu.

Jumamosi, 5 Aprili

Mwanangu haongei. Anakula, anatoka. Mlango wa mbele anaufunga taratibu kupita kiasi.

Jumanne, 8 Aprili

Mkwe ameniambia wakati ananiogesha, akiwa nyuma yangu, ili asinione uso. Mwanangu amempa fundi cherehani notisi ya kuhama.

"Kwa nini yeye?"

"Mama, nani mwingine? Mwenye mtoto ni yeye. Wale wa vyumba vingine hawana hata paka."

Kifungu cha tisa kinamficha mlalamikaji jina. Nilikionea fahari sana. Sikuwahi kujiuliza kinaficha nini katika nyumba yenye mtoto mmoja.

Nilipaswa kusema palepale, na maji yakinitiririka. Sikusema. Naandika hili kwa sababu ndilo ninalolionea aibu. Lile la simu silionei. Nilikuwa na mwanangu, na siku zilizobaki, na amani, nikataka kuvibakiza vyote.

Ijumaa, 11 Aprili

Bado sijasema. Cherehani inapigwa tangu asubuhi hadi giza. Anamalizia kazi za watu kabla ya kuhama.

Jioni alikuja kunipa maji. Mtoto alikuwa mgongoni, amelala.

"Ni wewe, Bibi," akasema. Hakuuliza.

"Ndiyo mimi."

Akanishikia kikombe nikanywa.

"Kwa nini hukumwambia mwanangu?" nikamuuliza.

"Nitaanzaje kumwambia mtu kwamba mamake ndiye kamshtaki? Ataishije?" Akanifuta kidevu. "Mimi nitapata chumba. Nimewahi kupata."

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeungama. Naliandika leo leo, ingawa mkono unakwenda kama wa mlevi, kwa sababu kesho nitalipamba.

Alikuja kunisalimia kabla ya kwenda dukani. Nikamwambia afunge mlango akae. Akakaa kwenye kiti cha mbali.

"Yule mwanamke hakulalamika," nikasema. "Nililalamika mimi."

Akacheka kwanza. Alidhani nachanganyikiwa, naona daktari alishamwonya kuhusu hilo. Nikamwambia siku, nikamwambia kwamba mkewe alikuwa sokoni, nikamwambia alivyonijibu karani. Kicheko kikaisha.

"Mama. Si ungeniambia mimi."

"Nilikuambia."

"Basi ungenilazimisha."

"Ndicho nilichofanya."

Mvua ilikuwa kubwa, ilibidi tuongee kwa sauti, na hilo lilisaidia. Akasema nimemwaibisha mbele ya mji. Akasema watu watasema analaza watoto kwenye sumu. Nikamwambia watasema kweli. Akainuka, akashika komeo la mlango, na hapo nikaona kwamba nikimwacha atoke nitakuwa nimeungama nusu tu, ile nusu rahisi.

"Uliniuliza ulipatwa na nini," nikasema.

Akageuka.

"Ulipokuwa na meno mawili ulikuwa unasimama hapohapo, unatafuna kizingiti hichohicho. Tulicheka. Baba yako alikuwa anapaka juu ya alama za meno yako kila mwaka. Kisha ukaenda shule, na ukawa huwezi kutulia na kitabu. Herufi zilikuwa zinakukimbia, ulisema mwenyewe. Baba yako alikuwa mwalimu wa wanafunzi wengi, na aliyemshinda ni wake. Akakuita mvivu. Akakupiga kwa ajili ya hilo."

"Nakumbuka."

"Nilipoandika sheria zile ulikuwa umeshaoa. Nilisoma ripoti zote za madaktari. Nikasoma jinsi watoto wa namna hiyo wanavyokuwa, nikamwona mtu ninayemjua. Nikafunga lile faili nikaendelea na kazi, na nikirudi nyumbani nililala katika nyumba yenye dirisha hili."

Mkono wake ukatoka kwenye komeo.

"Sisemi ndiyo. Hakuna wa kujua sasa, hata daktari. Huenda ungekuwa vilevile. Lakini huenda haukuwa uvivu, mwanangu. Nilikuwa na neno hilo la kukupa miaka yote hii, na sikukupa, kwa sababu ningelazimika kumweleza mtu nani alipaka rangi."

"Baba hakujua."

"Hakujua. Mimi nilijua baadaye, na ndiyo maana naungama mimi."

Akapitisha kiganja kichwani. Ana nywele nyeupe sasa. Huwa nasahau.

"Mimi nilidhani," akasema, "wewe pia unaamini ni uvivu."

"Niliamini. Muda mrefu niliamini."

Akafungua mlango akatoka. Hakuufunga. Upepo wa mvua uliingia mpaka mkwe alipokuja na shuka la pili, akaniuliza kuna nini, nikamwambia nimemalizana na mwanangu deni la zamani na sijui nani kati yetu kabaki na hasara.

Jumapili, 13 Aprili

Hakuja.

Jumatatu, 14 Aprili

Asubuhi nilisikia viatu vyake barazani. Cherehani ikanyamaza. Dirisha lilikuwa wazi kidogo, na mimi siku zote nimekuwa na masikio mazuri kuliko adabu.

"Umeamkaje?" akamuuliza fundi.

"Salama, baba. Naendelea kufungasha."

"Unafungasha nini?"

"Si uliniambia nihame."

"Ile notisi ilikosewa. Haikuwa yako."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya mama. Tatizo mama hafukuziki."

Fundi akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekuwa amebana pumzi kwa siku nyingi, na mwanangu akaguna kwa namna yake, ambayo ndiyo kicheko chake. Akamwambia siku ya kumpima mtoto watakwenda na gari la dukani. Mkaguzi akagonga sufuria.

Nimelia kidogo, kwa raha zangu.

Alhamisi, 17 Aprili

Mtoto ametolewa damu. Mamake anasema alilia yeye zaidi.

Jumanne, 22 Aprili

Nimehamishiwa chumba cha fundi cherehani ili dirisha litengenezwe. Yeye na mwanawe wanalala kwa mkwe. Nimelala kati ya marobota ya vitambaa na magauni ya watu yaliyoning'inizwa. Nikiamka naona umati umenizunguka bila vichwa. Nimeshawazoea.

Fundi rangi ameletwa. Alitaka kuanza na msasa. Mkwe alisimama mbele yake na chupa ya kupulizia maji.

"Mama mwenye nyumba, mimi nimezeeka kwenye rangi."

"Hicho kikohozi chako nacho kimezeekea wapi?"

Akalowesha. Wametandika nailoni sakafuni, wamefunga mlango kwa utepe wa gundi, na kila kinachokwanguliwa kinatiwa kwenye mfuko wa taka kikiwa tope. Mkwe anapiga deki kila jioni. Amezaliwa kuwa bwana afya, yule mwanamke.

Jumatano, 23 Aprili

Majibu ya damu. Iko, lakini kidogo. Daktari amesema imewahiwa: aondolewe kwenye chanzo, apewe maziwa na mboga za majani, arudishwe kupimwa tena baada ya miezi. Mamake alinisomea karatasi mara ya kwanza, na mara ya pili, na mara ya tatu akiwa amekaa sakafuni kando yangu.

Jumatatu, 28 Aprili

Wamenibeba kwenye kiti, mwanangu na fundi rangi, kwenda kutazama. Bwana afya alikuwa ameshapita na kimashine chake na kuridhika. Chumba kinanukia mbao na maji. Dirisha liko uchi, la kahawia, jembamba kuliko nilivyolijua. Fundi rangi alituambia alizozikuta: buluu, chini yake buluu nyingine, kisha kijani, ambayo niliisahau kabisa, ya mwaka tuliohamia.

"Na hizi," akasema, akaonyesha kizingiti.

Kwenye ukingo kulikuwa na vishimo vidogo ndani ya mbao, viwili viwili, safu nzima. Vilikuwa vimefunikwa na kila koti alilopaka mume wangu.

Mwanangu aliinama. Akapitisha kidole juu yake, polepole, akarudia. Fundi rangi akasema hizo si taabu, ataziziba kwa lipu ya mbao pasionekane kitu.

"Usizibe," mwanangu akasema. "Paka rangi tu."

"Zitaonekana."

"Ziache zionekane."

Rangi gani, fundi akauliza. Mwanangu akanitazama mimi. Nikamwambia mwenye nyumba ni yeye. Akachagua buluu, ya kopo jipya, isiyo na risasi.

Jumapili, 4 Mei

Nimerudi chumbani kwangu. Mvua za manyunyu. Dirisha linafunguka kwa kidole kimoja. Sili sana sasa. Mkaguzi amekuja kulikagua, amelilamba, ameondoka. Halina ladha. Ametembea hatua mbili akiondoka, kisha akakumbuka kwamba hajui kutembea.

Jumapili, 11 Mei

Bwana afya alipita jana, bila kazi. Halmashauri inaandika sheria ndogo upya. Wana wakaguzi wa kutosha sasa, na pikipiki. Amejua mimi ni nani. Karani yule alikisia kutokana na kifungu cha tisa. Akaniletea rasimu nitoe maoni. Macho yangu hayaoni tena maandishi madogo. Nikasema nitamtafuta mtu wa kunisomea.

Jumapili, 18 Mei

Mvua imekatika. Naandika mistari michache kila nikiamka.

Leo mwanangu alikuja na kiti, akakiweka karibu, akachukua rasimu kutoka kwenye meza. Nilidhani anataka kuisogeza. Akaifungua, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kusoma kwa sauti.

Anasoma polepole sana. Nje cherehani ilikuwa inakwenda, ikasita, ikaendelea. Nyumba yoyote ya zamani itakayopangishwa, ikaguliwe kabla mtu hajahamia, pasipo kusubiri lalamiko. Mpangaji asitolewe kwa sababu ya ukaguzi. Wamekirudisha. Kisha akafika mahali walipoacha sentensi yangu ya zamani, "mtoto atakapogundulika", nikamwambia hiyo wafute. Akachukua penseli yangu hii, akapiga mstari juu yake, ulionyooka, akapuliza.

"Nyingine?" akauliza.

"Endelea."

Kwenye ukurasa wa mwisho alikwama. Lilikuwa neno refu, la kisheria, la kukera. Akalianza, akarudi, akalianza tena, na mishipa ya shingo ikasimama kama zamani mbele ya baba yake. Neno lile nalijua. Nililitunga mimi. Nikatazama dirisha nikanyamaza, mpaka akafika mwenyewe.